Waliokaa Kiti cha Kushoto

Vuga, mji wa enzi wa Wakilindi, watawala wa Usambara, ulijengwa juu ya mgongo wa mlima kwa kusudi, ili mgeni asiufikie ila kwa jasho na kwa ruhusa. Ludwig Krapf aliupanda kwa miguu mwaka 1848, na miaka tisa baadaye Burton na Speke wakaupanda vivyo hivyo, wapate kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai ambaye siku hizo alikuwa mzee na mgonjwa. Na shehena za wageni hao wote zilipanda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Katika misafara ya zama zile kirangozi alitangulia, mnyapara akahimiza, na mpagazi mpya hakufundishwa na mtu: alitwikwa mzigo, akawekwa nyuma ya mwenzake, akaangalia mahali mguu wa mwenzake unapokanyaga, na akiteleza, mzigo ukianguka, lawama ilikuwa yake. Naanza na wapagazi kwa sababu kanuni hiyohiyo, ya kwamba mwanagenzi hujifunza kwa kutazama na ya kwamba kosa lake ni lake peke yake, ndiyo iliyopanda milima ya Usambara pamoja na malori, ikakaa humo miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuuliza swali ambalo wazee hawakuona haja ya kuliuliza: huyu amfundishaye dereva, yeye amefundishwa kufundisha na nani?

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na baada ya miaka michache ikafika Mombo, chini kabisa ya ukuta wa milima, ambako behewa halikuweza kwenda juu tena. Kwa mbao za Shume Wajerumani walitandika waya mkuu wa kuteremshia magogo hadi Mkumbara, kazi iliyowashangaza wengi; lakini kwa watu, barua, chumvi na mabati, njia ilikuwa ni barabara ya kutoka Mombo kwenda Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, iliyochongwa ubavuni mwa korongo kwa yapata kilomita 33, ikimtoa msafiri kwenye joto la nyika chini ya mita 500 hata baridi ya mita 1,400. Katikati ya safari ndipo palipo Soni na maporomoko yake ya maji, na kutoka Soni ndipo njia ya Vuga hujitenga. Hata huko Ulaya elimu ya kuendesha ilikuwa bado changa: shule ya madereva iliyofunguliwa na Rudolf Kempf mjini Aschaffenburg mwaka 1904 huhesabiwa kuwa ya kwanza katika Ujerumani, na Luteni Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam kwa motokaa mwezi Agosti 1907 ili kulikata bara hadi Swakopmund, alifika huko Mei 1909, baada ya safari ambayo gari lilisukumwa na kuvutwa na binadamu mara nyingi kuliko heshima ya mashine ilivyostahili.

Malori yalienea milimani wakati wa Waingereza, mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, walowezi, na misheni; na misheni ya Vuga, iliyokuwa na kiwanda cha kupiga chapa vitabu vilivyosomwa mbali sana na Usambara, ilihitaji karatasi ipande na vitabu viteremke. Hapo ndipo ilipoanza desturi ya utingo, ambayo kwa maoni yangu ni chuo kamili, kilichokosa jengo, mtaala na cheti tu.

Ngazi za chuo hicho hazikuandikwa popote, lakini zilijulikana. Kijana aliingia kuwa utingo, akalala juu ya shehena, akaosha gari alfajiri, akachota mtoni maji ya rejeta, akapiga hendeli injini ilipokuwa baridi. Jambo la kwanza alilojifunza ni kuishika hendeli ile kwa kukiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asiikumbatie, kwa sababu injini ikirudi nyuma ghafla humvunja mkono aliyeikumbatia. La pili lilikuwa kabari. Gari lilipoelemewa na mzigo kwenye kona ya mlima, likaanza kusita, utingo hodari alikuwa amekwisha ruka kabla dereva hajaita, ameishika kabari ya mti mgumu kwa mikono miwili, akikimbia sambamba na gurudumu la nyuma, akaisukuma chini ya mpira mara gari liliposimama, naye amesimama ubavuni wala si nyuma ya gari, maana gari likiiruka kabari halichagui wa kumkanyaga. Mtu aliyefanya kazi hiyo misimu miwili mitatu aliijua barabara kwa nyayo zake kabla ya kuijua kwa usukani. Alijua ni kona ipi yenye tope hata wakati wa kiangazi, na ni wapi injini hubadili sauti.

Kisha dereva, kwa hiari yake, kwani hapakuwa na sheria iliyomlazimu, alimruhusu kulisogeza gari uani. Baada ya kusogeza uani ilifuata kuendesha gari tupu kule nyikani, baina ya Mombo na Mazinde, ambako barabara imenyooka na kosa halina bonde la kuangukia. Baadaye ilikuja zamu ya kupanda na shehena. Na mwisho kabisa, pengine baada ya miaka, kuteremka na shehena. Mpangilio huo ulikuwa wa hekima kuliko wenyewe walivyojua. Magari ya zama zile, Bedford na Albion na mengineyo, hayakuwa na gia zinazojipatanisha: kushusha gia kulitaka klachi ikanyagwe, gia itolewe, klachi iachiwe, mafuta yaongezwe kidogo hadi mlio wa injini ulingane na mwendo wa gari, kisha klachi ikanyagwe tena ndipo gia iingie; na dereva aliyeitoa gia katikati ya mteremko akashindwa kuirudisha, alibaki na gari linalokwenda kwa uzito wake lenyewe. Breki za namna ile zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikishika moto hazishiki gurudumu. Ndiyo sababu kila utingo aliimbishwa kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kwamba huchaguliwa gari likiwa bado tambarare, kabla ya mteremko kuanza.

Mwalimu wa chuo hicho alikaa kiti cha kushoto, hana usukani, hana klachi, wala hana breki ila ile ya mkono, ikiwa ilikuwa nzima. Ujasiri wake haukuwa mdogo. Upungufu wake ulikuwa mahali pengine, nao ni upungufu wa kila fundi aliyejifunza kwa mwili: hakuweza kueleza alifanyalo. Akiulizwa kwa nini ameshusha gia hapa na si pale mbele, alijibu kwamba gari limemwambia. Na mwanagenzi ambaye gari lilikuwa halijaanza kusema naye alilazimika kusubiri, au kupigwa kofi, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, dereva alikuwa na sababu ya haki ya kuficha nusu ya elimu yake, kwani utingo aliyehitimu siku ya Jumamosi angeweza kuomba kazi ya bwana wake siku ya Jumatatu kwa mshahara mdogo. Aghalabu waliofundishwa kwa ukamilifu walikuwa wapwa, wakwe na majirani. Wengine walizeeka na kabari mkononi. Wanaoisifu desturi ile leo husahau hao, kwa kuwa aliyebaki utingo hadi uzee hakupata nafasi ya kusimulia.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilileta namna nyingine. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na miongoni mwao wengi waliwekwa katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, wakaendesha malori Uhabeshi na Burma, katika milima na matope ambayo mtu wa Usambara hakuyaona mageni. Jeshi halikuwa na miaka mitano ya kumsubiri utingo akomae. Lilitaka madereva wengi kwa muda mfupi, na kwa haja hiyo lilibidi lifanye jambo ambalo barabara ya Mombo haikulifanya, nalo ni kumchukua koplo au sajini ajuaye kuendesha na kumfundisha, kwa makusudi na kwa utaratibu, jinsi ya kufundisha. Kazi iligawanywa vipande. Kila kipande kikaelezwa kwa maneno machache, kikaonyeshwa, kikaigwa, kikarudiwa. Injini ilifundishwa ubaoni, gia zilifundishwa gari likiwa limesimama, na barabara ikaja mwisho.

Fikra hiyo haikuzaliwa jeshini peke yake. Huko Marekani, wakati wa vita vya kwanza, Charles Allen alipewa kazi ya kusimamia mafunzo ya watu waliokuwa wakimiminika katika viwanda vya kuunda meli, na mwaka 1919 akatoa kitabu kilichogawanya ufundishaji wa kazi katika hatua nne: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwachia aifanye mwenyewe, na kumpima. Vita vya pili vilipokuja, mafundisho hayo yalifufuliwa na kuenezwa kwa wasimamizi wa viwanda kwa wingi mno. Ndani yake mlikuwa na jambo lililopindua desturi ya dunia nzima ya mafundi, kwani yalifundisha kwamba mwanafunzi akishindwa, wa kuulizwa kwanza ni mwalimu. Mpagazi wa njia ya Vuga angecheka kusikia hayo, na dereva wa Mombo angekasirika.

Askari waliporudi makwao, baadhi yao walikamata usukani wa malori ya milimani, na vijana waliojifunza chini yao walipata mwalimu wa aina mbili katika mtu mmoja: mwenye kuhesabu hatua kwa sauti kama yuko kwenye gwaride, na mwenye kunyamaza pale mlima ulipoanza kuwa mlima. Shehena zilikuwa nyingi. Viazi, kabichi na karoti vya Lushoto vilikuwa vimepata soko kubwa, na hata fitina ya matuta, yaani mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi uliolazimishwa kwa Washambaa tangu 1946 na kuachwa mwaka 1957 baada ya upinzani mkali, haikuzuia matenga kuteremka. Chai ya Herkulu nayo, na baadaye ya Mponde, ilitaka magari. Uhuru ulipokuja, na utawala wa machifu ulipoondolewa, Vuga ikapoteza baraza lake la enzi. Barabara yake ikabaki na kazi yake.

Lililobadili hali kwa kweli lilitokea mbali na Usambara. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, njia ya Zambia ya kusini ikawa mashakani, na mafuta na shaba vikalazimika kupita Dar es Salaam juu ya magurudumu. Mwaka 1966 serikali mbili, pamoja na kampuni ya Kitaliani, zikaunda Shirika la Usafirishaji la Zambia na Tanzania, likaleta malori ya Fiat yenye matela, gari ambalo utingo wa Bedford hakulijua. Tela lina tabia zake: likisukumwa na mteremko wakati kichwa kimefungwa breki, hukunja msafara mzima kama kisu cha mfukoni; na breki za upepo, tofauti na zile za mafuta, humaliza pumzi yake mtu akizikanyagakanyaga ovyo, hata akafika chini ya mteremko wa Kitonga, kwenye njia ya Zambia, hana kitu mguuni. Vijana wa milimani walioifuata kazi hiyo walikuta kwamba elimu ya kiti cha kushoto, iliyowatosha wao na baba zao, haikutaja habari hizi hata kidogo, kwa kuwa mwalimu hawezi kurithisha asichopata kukiona. Njia ya mapokezi hupeleka maarifa ya jana kwa uaminifu mkubwa. Ya leo haina namna ya kuyaingiza, isipokuwa kwa ajali.

Serikali ikashika jambo hilo polepole. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973. Mwaka 1975 Shirika la Taifa la Usafirishaji likaanzisha mafunzo yake, ambayo Bunge liliyapa sheria mwaka 1982, nayo ndiyo asili ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Mabibo, Dar es Salaam, wengi wakiitacho NIT. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na vita vya Kagera, ambamo malori ya raia na madereva wake yalitwaliwa kubeba askari na vyakula, kisha ikafuata miaka ya ukata wa fedha za kigeni, ambapo dereva alisifiwa kwa kuliendesha gari lisilostahili kuendeshwa. Elimu ya namna ile, ya kufunga springi kwa kamba na kuziba bomba kwa sabuni, ilikuwa na adabu yake na ushujaa wake, lakini iliharibu jambo moja: ilimzoesha kijana kuamini kwamba breki mbovu ni kipimo cha umahiri. Mwaka 1994 ilikuja sheria ya mafunzo ya ufundi stadi na mamlaka yake, VETA. Na mnamo mwaka 2010, leseni mpya zilipoanza kutolewa, vyeti vya mafunzo vikawa jambo la kuulizwa kweli, hata kwa watu waliokuwa wameshika usukani tangu ujana wao.

Hapo ndipo upungufu wa walimu ulipodhihiri. Chuo kinaweza kupata darasa, kikapata na lori, lakini wa kukaa kiti cha kushoto hupatikana wapi? Shirika la hisani la Kiingereza liitwalo Transaid, ambalo lilikuwa limefanya kazi ya kuandaa walimu na chuo cha mafunzo ya viwanda cha Lusaka tangu 2008, lilishirikiana pia na NIT katika kuwanoa wakufunzi wa madereva wa malori na mabasi, na shabaha ya juhudi hizo ilikuwa ni mwalimu kwanza, dereva baadaye. Kwani dereva mmoja akifundishwa vizuri hunufaisha gari moja, na mwalimu mmoja hunufaisha magari asiyoyajua idadi.

Yafaa kueleza kwa karibu mwalimu wa lori anavyotayarishwa, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba hupewa mtihani wa kuendesha tu. Ni kweli huanza na huo, na wengi hujeruhiwa heshima yao humo, maana miaka 20 barabarani huzaa tabia ambazo mwenyewe hazioni: mkono mmoja juu ya gia bila ya sababu, kioo cha kushoto kisichotazamwa, klachi inayokanyagwa kabla ya breki. Hutakiwa kuendesha huku akisema kwa sauti kila akionacho na kila akusudiacho, mtoto yule, baiskeli ile, kona ile, gia hii. Na dereva aliyezoea kuambiwa na gari lake hugundua kwamba ulimi wake uko nyuma ya mikono yake kwa mwendo mkubwa.

Kisha hubadilishwa kiti. Mkufunzi mkuu hushika usukani na kujifanya mwanafunzi, mwingine hukaa nyuma, pale penye kitanda cha dereva, na daftari. Na mwalimu mtarajiwa huambiwa afundishe. Mwanafunzi huyo wa bandia hufanya makosa kwa kukusudia. Hutazama mkono wa gia badala ya barabara. Huchelewa kushusha gia, akaficha ucheleweshaji huo kwa breki, hata mtazamaji asiye makini akaona gari limekwenda sawa. Mwalimu mtarajiwa anapaswa kuliona kosa, kulitaja, kulipatia sababu na kulipatia dawa, na kabla ya yote kuamua kama ni la kusemwa sasa au la kungoja gari lisimame, kwani si kila kosa lililoonwa ni la kukemewa katikati ya kona. Wengi hushindwa kwa kuchelewa. Lori liendalo kilomita 40 kwa saa hukata zaidi ya mita 11 kwa sekunde moja, na agizo linalotolewa konani limekwisha pitwa na wakati. Agizo la kona husemwa kwenye njia iliyonyooka. Wengine hushindwa kwa mkono: mwanafunzi akikosea kidogo wao huukamata usukani, na aliyenyang'anywa usukani mara mbili hujifunza kungojea kunyang'anywa mara ya tatu. Na mwishoni huulizwa swali ambalo kwa kipimo changu ndilo lililowatenganisha walimu na madereva tangu siku za Allen: mwanafunzi huyu amerudia kosa lilelile mara tatu, wewe umebadili nini katika kufundisha kwako?

Sina shaka kwamba utaratibu huu ni bora kuliko kofi. Lakini nina shaka moja, nayo inatoka Vuga. Dar es Salaam ni mji wa tambarare. Mwanafunzi anaweza kuelezwa habari za breki kushika moto, akaandika vyema katika mtihani, na mwalimu wake akawa hakuteremka mlima mrefu na tani kumi mgongoni tangu apate cheti. Wakati huohuo Soni, kila jioni ya siku za soko, Fuso na Isuzu hupakiwa kabichi na matunda ya kwenda Kariakoo, na matingo wao bado wanabeba kabari za mti, bado wanajua kona ipi ina tope wakati wa kiangazi, na bado hawaulizwi na mtu. Maarifa yao hayamo katika mtaala kwa sababu yalikaa siku zote katika watu ambao hawakuwa na cheti cha kuwapa sauti, na watu hao wanazeeka.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mwalimu wa malori, kabla ya kupewa idhini ya kufundisha leseni ya daraja E, apelekwe Mombo na lori lililopakiwa, apande nalo hadi Lushoto na kuteremka nalo, mkufunzi akiwa nyuma na daftari lake, na kiti cha kushoto akikalie dereva mzee wa barabara ile, alipwe ujira wa siku kama mtaalamu. Mzee huyo aulizwe, kona kwa kona, ni gia gani na kwa nini, na akijibu kwamba gari limemwambia, asiachwe hapo: aulizwe tena limesema nini, kwa sauti gani, na mita ngapi kabla ya mteremko, hata jibu liandikike.